Nani ameandika? Kwa nini asilimia ya mashine haitoshi kumhukumu mwandishi

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio wakati kipindi cha asubuhi kikielekea ukingoni. Aliyetuma ni binti wa kata ya Ramadhani, hapa Njombe mjini, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya mafunzo kwa vitendo. "Shikamooni," aliandika. "Ripoti yangu imekataliwa. Wanasema imeandikwa na AI. Naomba mnisaidie kuuliza, hiyo mashine inajuaje?"

Chuo chenyewe hatukitaji, kwa sababu jambo hili ni kubwa kuliko chuo kimoja. Ripoti ilikuwa ya Kiingereza, ikihusu uvunaji na upangaji wa parachichi. Ilipitishwa kwenye programu inayodai kutambua maandishi ya akili mnemba, nayo ikajibu kwamba zaidi ya nusu ya ripoti si kazi ya binadamu. Binti mwenyewe alituambia bila kuficha kwamba kurasa mbili za mwisho alizipitisha kwenye programu ya simu imrekebishie sarufi. Nyingine zote, anasema, aliziandika usiku kutoka kwenye daftari alilokuwa akienda nalo shambani.

Swali lake tumelifanyia kazi, kwa sababu kesho linaweza kuwa la mwombaji wa kazi, la mwalimu anayesahihisha, au letu sisi tunaoandika habari. Jibu kwa kifupi ni kwamba mashine haijui nani ameandika. Inachopima ni mazoea ya maandishi, kisha inakisia.

Inapima nini?

Tufanye jaribio dogo. Malizia sentensi hii: "Mvua zinazoendelea kunyesha zimesababisha uharibifu wa..."

Bila shaka umesema "miundombinu". Jaribu nyingine: "Wananchi wametakiwa kutoa..." Hapo wengi watasema "ushirikiano". Na hii: "Jeshi la Polisi linamshikilia mtu mmoja kwa..." Hata mtoto anayesikiliza redio jikoni na mama yake atajibu "tuhuma".

Hivyo ndivyo programu za akili mnemba zinavyoandika. Zimesomeshwa maandishi mengi mno, na kila hatua zinakadiria kipande cha neno kinachoelekea kufuata. Programu za kubaini maandishi ya mashine nyingi zimejengwa juu ya hesabu hiyohiyo, ila kwa kinyume. Zinapita neno kwa neno zikijiuliza: je, neno hili lilikuwa rahisi kutabirika? Kama maneno mengi yalitabirika, na sentensi zinafanana urefu na mpangilio, programu inasema huenda ni mashine. Kama mwandishi anarukaruka, mara sentensi fupi, mara ndefu, mara neno lisilotarajiwa, inasema huenda ni mtu.

Tatizo mmeshaliona. Sentensi zile tatu za juu hazikuandikwa na mashine. Ni zetu sisi watangazaji, tumezisoma hewani miaka na miaka kabla ya akili mnemba kufika kwenye simu zetu. Kipimo cha namna hii kinaweza kutukamata sisi kwanza.

Kuhesabu maneno hakukuanza leo

Tusiibeze elimu yenyewe. Kuchunguza maandishi kwa hesabu ni kazi ya zamani, na imeshatoa majibu mazuri.

Mfano unaotajwa sana ni wa Marekani. Kati ya mwaka 1787 na 1788, watu watatu waliandika makala 85 za kutetea katiba mpya ya nchi hiyo, wote wakitumia jina moja la bandia. Baadaye makala 12 kati ya hizo zikawa na ubishi: ni za Alexander Hamilton au za James Madison? Wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walichapisha jibu lao mwaka 1964. Hawakuangalia maneno makubwa kama "uhuru" au "serikali", maana hayo kila mmoja angeyatumia. Walihesabu maneno madogo ambayo mtu huyaandika bila kujitazama. Hamilton alipenda namna moja ya kusema "juu ya" ambayo Madison aliitumia kwa nadra. Hesabu zikaelekeza makala zile kwa Madison.

Kiswahili nacho kina alama za namna hiyo. Sikiliza watu wawili wa nyumba moja. Mmoja anasema "lakini", mwenzake "ila". Mmoja anaandika "katika shule", mwingine "kwenye shule", wa tatu "shuleni". Kuna wa "kwa sababu", wa "kwani" na wa "maana". Hapa studio, tukipewa taarifa isiyo na jina, mara nyingi tunamtambua aliyeiandika kwa "vilevile" zake tu. Kwa kuwa hayo mtu hayachagui kwa makusudi, ni vigumu kwake kuyaficha.

Mwaka 2013 njia hiyo ilisaidia kumbaini mwandishi maarufu. Gazeti la Sunday Times la Uingereza lilidokezwa kwamba riwaya ya upelelezi iliyotolewa kwa jina la Robert Galbraith ilikuwa ya J. K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter. Mtaalamu wa kompyuta Patrick Juola alilinganisha riwaya hiyo na vitabu vya Rowling na vya waandishi wengine: urefu wa maneno, maneno yanayojirudia zaidi, mfuatano wa herufi. Matokeo yalimwelekea Rowling. Ila habari haikuishia kwenye kompyuta. Mwandishi aliulizwa, naye akakiri. Hesabu ilileta swali zuri, na jibu likatoka kwa mtu.

Tofauti nyingine ni kwamba katika kesi zote mbili wachunguzi walikuwa na maandishi ya watu wanaojulikana ya kulinganisha nayo. Binti wa Ramadhani hakulinganishwa na kazi zake za nyuma. Alilinganishwa na wastani wa dunia.

Waliotengeneza mashine walishindwa kuitambua

ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Miezi miwili baadaye, tarehe 31 Januari 2023, kampuni hiyohiyo ya OpenAI ikatoa chombo cha kutambua maandishi ya akili mnemba. Kwa takwimu za kampuni yenyewe, chombo kilikamata asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikasingizia asilimia 9 ya maandishi ya watu. Kampuni ilionya pia kwamba kitumike kwa Kiingereza pekee, maana katika lugha nyingine kilifanya vibaya zaidi. Julai 2023 kiliondolewa kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo.

Asilimia ndogo ya makosa inaweza kuonekana si kitu. Mwezi Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilizima chombo cha aina hii kilichokuwa kwenye mfumo wake wa kukagua kazi za wanafunzi. Watengenezaji walikuwa wamesema makosa ni asilimia 1. Chuo kikapiga hesabu: mwaka uliotangulia kilikagua kazi 75,000, hivyo asilimia 1 ni kama kazi 750 ambazo zingeshutumiwa bure. Nyuma ya kila kazi kuna mwanafunzi, na nyuma ya mwanafunzi kuna mzazi aliyeuza viazi au mbao apate ada.

Upande mwingine, hesabu hizihizi zinafanya kazi vizuri zinapotazama kundi kubwa. Watafiti wakiongozwa na Dmitry Kobak walichunguza mihtasari zaidi ya milioni 15 ya tafiti za tiba na baiolojia ya kati ya mwaka 2010 na 2024. Waliangalia maneno yaliyopanda ghafla baada ya ChatGPT kuja. Wakakadiria kwamba walau asilimia 13.5 ya mihtasari ya mwaka 2024 ilipitia mikononi mwa akili mnemba.

Lakini utafiti huo haukusema mhtasari wa daktari fulani ni wa mashine. Ulisema katika umati huu, kuna alama. Ni sawa na kupima mvua ya mkoa mzima: unaweza kujua msimu ulikuwa mzuri bila kujua shamba la nani lilipata maji. Anayetumia kipimo cha umati kumhukumu mtu mmoja anakipa kipimo kazi kisichoiweza.

Anayeumia ni aliyejifunza lugha darasani

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walivijaribu vyombo saba vya kutambua maandishi ya mashine. Walitumia insha 91 za mtihani wa TOEFL, ule wanaofanya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, pamoja na insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani. Insha zote ziliandikwa na watu. Za Wamarekani zilitambuliwa karibu zote kuwa za watu. Za wageni, kwa wastani asilimia 61 ziliitwa kazi ya mashine. Insha 89 kati ya 91 zilishutumiwa na angalau chombo kimoja.

Sababu ni ileile ya "miundombinu". Mtu aliyejifunza lugha darasani anatumia maneno aliyo na uhakika nayo. Sentensi zake ni za kawaida, hajiamini kurukaruka. Watafiti hao wakafanya jambo moja zaidi: waliiomba ChatGPT izitie insha zile msamiati wa mzawa. Shutuma zikashuka hadi chini ya asilimia 12. Kwa maneno mengine, aliyeandika mwenyewe alishutumiwa, na alipoazima mkono wa mashine akaonekana mtu.

Majirani zetu wa Kenya wanalifahamu hili. Wapo waandishi wa huko waliojitokeza kulalamika kwamba Kiingereza chao cha shule, chenye aya zilizopangwa na viunganishi kila mahali, kinaitwa cha mashine, ilhali ndicho walichofunzwa ili wapate alama kwenye mitihani. Aprili 2024 mwekezaji wa teknolojia Paul Graham aliandika mtandaoni kwamba barua aliyopokea ilikuwa na neno la Kiingereza "delve", lenye maana ya kuchimba jambo kwa undani, akachukulia kuwa ni dalili ya ChatGPT. Wanigeria wengi walimjia juu: neno hilo kwao ni la kila siku. Wiki hizohizo kukazuka dhana, ambayo haijathibitishwa, kwamba huenda mashine zilizoea maneno ya namna hiyo kwa sababu miongoni mwa watu wanaolipwa kuzifundisha na kupima majibu yake wamo Waafrika.

Kwamba Waafrika wamefanya kazi ya kuziandaa mashine hizi si dhana. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na unyanyasaji na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Walikuwa wakibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 za Marekani kwa saa. Itakuwa ajabu kama watu wa ukanda huu watatumika kuifunda mashine, kisha washutumiwe kwa kufanana nayo.

Na Kiswahili je?

Hapa ndipo tunapaswa kuwa waangalifu zaidi. Kinachokosea kwenye Kiingereza, lugha yenye maandishi mengi kuliko zote mtandaoni, hakiwezi kuaminiwa kirahisi kwenye Kiswahili.

Kiswahili hakijasahauliwa kabisa. Tangu mwaka 1985 Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alianza kujenga programu ya kuchambua maneno ya Kiswahili, na kazi hiyo ikazaa kongoo, yaani mkusanyiko mkubwa wa maandishi uliopangwa kwa ajili ya uchunguzi. Toleo lake la pili lina takriban maneno milioni 25. Miaka ya karibuni watafiti wa Kiafrika wa mtandao wa Masakhane nao wameandaa data za lugha zetu, Kiswahili kikiwemo. Hata hivyo maneno milioni 25 ni kidogo sana ukilinganisha na mabilioni ambayo Kiingereza kinayo.

Kuna pia umbo la lugha yenyewe. Chukua neno "hawakutuandikia". Kwa Kiingereza hiyo ni sentensi nzima ya maneno kadhaa. Kwetu ni neno moja lenye mkanusho, wakati, watendaji na watendewa. Programu iliyozoea Kiingereza hulikata vipande visivyo na maana, kama mtu anayekata kuni bila kuangalia mshono wa gogo. Ikisema neno hilo "halikutarajiwa", huenda ni mkato tu uliokosea.

Vilevile, Kiswahili chenyewe hakiandikwi kwa namna moja. Cha gazeti, cha Zanzibar, cha kijiweni Makambako na cha mtu aliyekuzwa na Kibena kabla ya Kiswahili vinatofautiana. Wastani utakaotumika kutupima ni wa nani?

Barua za steshenari

Tulipokwenda Makambako kwa shughuli nyingine, tuliingia kwenye steshenari moja ambayo watu huenda kuchapiwa barua. Tukamuuliza mama mwenye duka kama anaona akili mnemba kwenye kazi anazoletewa. Alicheka. "Wanangu, barua za kazi zilikuwa zinafanana kabla hiyo AI haijazaliwa," alisema. "Mtu anakuja ana haraka ya gari, anasema mama nichapie. Mimi namfungulia ileile ya jana, nabadilisha jina."

Ana haki. Nani kati yetu hajawahi kuandika "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka..."? Nchi nzima inatumia barua hiyo moja. Mwajiri akiipitisha kwenye chombo cha kubaini mashine, anaweza kuwatupa waombaji wote waliofuata utaratibu aliowafundisha mwalimu wa darasa la sita.

Hatusemi kwamba hakuna udanganyifu. Upo. Wapo wanafunzi wanaotoa kazi nzima kwenye simu bila kusoma hata mstari, na kuwaacha ni kuwaonea wenzao wanaokesha. Hata hapa ofisini tunapokea taarifa kwa vyombo vya habari ambazo zinatutia shaka: kila aya ina urefu uleule, kila sentensi ni "sio tu... bali pia", halafu jina la kijiji halipo na idadi ya wananchi haipo. Tunachofanya ni kupiga simu. Tunamuuliza aliyetuma: mkutano ulifanyika wapi, nani aliongea, walisema nini? Aliyekuwepo atajibu, hata kama aliomba mashine imsaidie kuandika. Asiyekuwepo atakwama.

Tufanyeje?

Kutokana na haya, tunaona mambo manne ambayo chuo, shule au ofisi yoyote inaweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, asilimia ya programu iwe sababu ya kuuliza, isiwe sababu ya kuadhibu. Pili, usiiulize ChatGPT kama ndiyo iliyoandika kazi fulani. Haina kumbukumbu ya kazi za watu wengine, na itajibu ndiyo au hapana kwa kukisia tu. Tatu, linganisha kazi na kazi nyingine za mwandishi huyohuyo, hasa alizoandika mbele yako, na umpe nafasi ya kueleza kwa mdomo. Nne, sheria ya matumizi iwekwe wazi kabla ya kazi kutolewa: je, kurekebisha sarufi kunaruhusiwa? Kutafsiri je? Mwanafunzi hawezi kuvunja kanuni ambayo hajawahi kuambiwa.

Kwa mwandishi, ushauri wetu ni mmoja: tunza rasimu. Daftari, picha za shambani, matoleo ya awali kwenye kompyuta. Hivyo ndivyo vitakavyokutetea.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti wa Ramadhani. Alirudi chuoni na daftari lake, likiwa na madoa ya utomvu, akaomba aulizwe. Alikiri kurasa mbili alizorekebishiwa, akaambiwa aziandike upya. Kisha mwalimu akamuuliza swali moja ambalo halikuwemo kwenye ripoti: kwa nini parachichi la kusafirishwa linakatwa na mkasi likiachiwa kikonyo kifupi, badala ya kunyofolewa?

Alituambia alijibu bila kufikiri: ukilinyofoa, pale lilipochomoka panabaki kidonda wazi, ugonjwa unaingilia hapo, na tunda linaoza kabla ya kumfikia mnunuzi. Ripoti ilipokelewa.